Barua Kwanza, Megafoni Baadaye: Mwongozo kwa Kundi la Wanafunzi Linalotaka Kusikika Chuoni

Kila mwaka wa masomo unapoanza hapa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wiki ya tatu au ya nne haipiti kabla wanafunzi hawajaanza kunijia na maswali yale yale. Je, kundi letu linahitaji ruhusa ya nani? Tukibandika tangazo kwenye valvu, yaani ubao wa matangazo wa chuo, na mtu wa aparitora, ofisi ya nidhamu, akalibandua, tufanye nini? Je, rekta, mkuu wa chuo, anaweza kutufukuza kwa sababu ya maneno tuliyoandika kwenye kaliko, yaani bango la kitambaa? Nilikuwa sefu wa promosio, yaani kiongozi wa wanafunzi wa mwaka wangu, baadaye nikaingia katika komite ya wanafunzi, na tangu nilipomaliza masomo nimeendelea kusaidia makundi kuandika barua zao. Nimeona ni afadhali niyaweke majibu mahali pamoja kuliko kuyarudia kila Jumamosi chini ya mwembe.

Katika magomvi niliyoyafuata kwa karibu, hoja ya wanafunzi mara nyingi ilikuwa nzuri, na karatasi zao ndizo zilizowaangusha: barua haikuwa na muhuri wa kupokelewa, jina la chuo lilitumiwa bila idhini, au tusi moja liliwapa wakubwa kisingizio cha kutojibu mengine yote. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni habari ya karatasi.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Nakala ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Huna haja ya kuisoma yote usiku mmoja. Weka alama kwenye vifungu sita: cha 18 kuhusu mtu aliyekamatwa, cha 23 kuhusu uhuru wa kutoa maoni, cha 25 kuhusu mikutano ya amani, cha 26 kuhusu maandamano, cha 27 kuhusu petisyo (ombi la maandishi kwa mamlaka), na cha 37 kuhusu uhuru wa kuunda vyama.
- Kanuni za ndani za chuo chako, pamoja na karatasi ya ahadi uliyosainishwa siku ya kujiandikisha, ikiwa chuo chako kina desturi hiyo. Wengi huisaini wakiwa wamesimama kwenye mstari, jua kali kichwani, na hawaikumbuki tena mpaka siku wanaposomewa.
- Watu watano walio tayari kuandika majina yao kamili, kila mmoja akiwa na kadi ya mwanafunzi na bordero ya benki inayoonyesha kwamba amelipa minervali (ada ya masomo) au awamu iliyofika. Jibu la kwanza utakalopewa ofisini halitahusu madai yako; utaulizwa kama wewe ni mwanafunzi halali. Mwenye deni asiwe msemaji.
- Daftari moja la mistari, lenye kurasa zisizochanika, la kuandikia tarehe, saa, jina la ofisi na neno lililosemwa.
- Nambari ya simu ya wakili. Kama hamna pesa, nendeni kwenye ofisi ya ushauri wa bure ya baraza la mawakili, na mwende kabla ya shida kutokea.
- Pesa kidogo za fotokopi na za usafiri wa kwenda mjini zaidi ya mara moja, kwa sababu mtarudishwa.

Hatua ya 1: Amueni ninyi ni nani

Kundi la wanafunzi waliokutana kwa ajili ya dai moja, chama chenye uongozi na michango, na ujumbe uliochaguliwa na promosio ni vitu vitatu tofauti. Chama kinachotaka kuwa na utu wa kisheria hufuata sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 kuhusu mashirika yasiyotafuta faida, na safari hiyo ni ndefu. Kundi la dai moja halihitaji kufika huko, kwa kuwa kifungu cha 37 kinalinda uhuru wa kujiunga pamoja. Hata hivyo, kutotambuliwa na chuo kuna bei yake: hamtapewa chumba, hamtapewa nafasi kwenye valvu, na hamtaweza kusema kwa jina la wanafunzi wote.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika barua kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, au kujiita komite ya wanafunzi wa chuo fulani wakati hakuna aliyewachagua. Andikeni: “Sisi, wanafunzi waliosaini hapa chini.” Inatosha.

Wapo wanaonionyesha video za kampasi za Marekani na kusema kwamba huko kundi halikataliwi. Ni kweli kwamba mwaka 1972, katika kesi iitwayo Healy v. James, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kulinyima kundi la wanafunzi utambulisho kwa sababu tu hakipendi mawazo yake. Ni hukumu nzuri, lakini haina nguvu mbele ya aparitora wa Lubumbashi, na ukiitaja pale utachekwa. Taja kifungu cha 37.

Hatua ya 2: Andikeni dai linaloweza kujibiwa

Dai linaloweza kujibiwa ni lile ambalo mkubwa anaweza kulikubali au kulikataa kwa barua ya mistari mitano. “Taa za njia kati ya homu (mabweni) na oditware (kumbi za masomo) ziwashwe kabla ya mitihani” ni dai. “Uongozi ubadilike” ni hasira, na hasira haina tarehe ya mwisho.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, kwa sababu hapa ndipo uhuru wa kusema hupotea. Kifungu cha 23 kinampa kila mtu haki ya kutoa maoni yake kwa mdomo, kwa maandishi na kwa picha, lakini ndani ya mipaka ya sheria, usalama wa umma na maadili mema. Sheria ya makosa ya jinai, katika kifungu chake cha 74, inaadhibu anayemtuhumu mtu hadharani kwa jambo linaloweza kumvunjia heshima. Tangu tarehe 13 Machi 2023 kuna pia sheria ya mambo ya kidijitali, ambayo inamgusa hata yule anayepitisha habari ya uongo dhidi ya mtu kwa njia ya simu. Kwa hiyo anayesambaza ujumbe kwenye kundi la WhatsApp asidhani kwamba amejificha nyuma ya aliyeuandika.

Tazama mfano huu. Mwaka fulani vijana waliniletea rasimu iliyosema: “Mhasibu wa fakulte ni mwizi, amekula pesa ya maabara.” Niliwauliza kama walimwona akila. Hawakuwa wamemwona, walichokijua ni kwamba walilipa na mlango wa maabara ulikuwa bado umefungwa kwa kufuli. Tukaandika upya: “Tarehe 4 Machi tulilipa ada ya maabara. Hadi leo, tarehe 20 Mei, maabara haijafunguliwa, na barua yetu ya tarehe 11 Aprili haijajibiwa. Tunaomba hesabu ya ada hiyo itangazwe kwenye valvu.” Waliona nimewalegezea maneno. Mimi naona sentensi ya pili inauma zaidi, kwa sababu ya kwanza inajibiwa kwa mashtaka, na ya pili haina jibu jingine ila hesabu.

Onyo la pili ni kubwa kuliko hilo. Neno lolote linaloelekeza kwenye kabila au jimbo la mtu liondoeni, hata kama mnalitamka kwa kicheko. Mji huu unakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya eneo la Kasai walipofukuzwa Katanga, jimbo la Lubumbashi wakati ule, na kuna familia ambazo bado zinahesabu walioachwa kwenye stesheni za treni. Tena, sheria-amri ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila, na haitofautishi kaliko na hotuba. Utani wa kwenye homu ukiandikwa kwa herufi kubwa juu ya kitambaa huacha kuwa utani.

Kuhusu lugha: barua iandikwe kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha rasmi ya ofisi, na kaliko liandikwe kwa Kiswahili ili mama anayeuza mikate mlangoni alielewe.

Hatua ya 3: Chagueni mahali, kwa maana mahali ndipo panapoamua sheria

Ndani ya kampasi, yaani kwenye oditware, valvu, uwanja au ukumbi, kanuni za chuo ndizo zinazotawala, na hapo kweli mnaomba ruhusa, kwa kuwa jengo si lenu. Mwombeni doyeni (mkuu wa fakulte) kama jambo ni la fakulte, au katibu mkuu wa utawala kama ni la chuo kizima. Barabarani mambo ni tofauti kabisa. Kifungu cha 26 kinawataka waandaaji waiarifu kwa maandishi mamlaka ya utawala inayohusika, na kwa Lubumbashi barua huelekezwa kwa meya wa mji, nakala ikienda kwa polisi. Kuarifu si kuomba ruhusa. Swali hili nimelijibu mara nyingi kuliko yote, na bado barua naziona zikianza kwa “tunaomba mturuhusu”. Ukiomba, umempa mwenzako uwezo wa kukataa ambao Katiba haikumpa.

Hatua ya 4: Andikeni barua ya kuarifu

Barua isizidi ukurasa mmoja. Mfano, kwa Kiswahili, ambao mtaugeuza kuwa Kifaransa:

“Bwana Meya, kwa kufuata kifungu cha 26 cha Katiba, tunakuarifu kwamba siku ya Alhamisi, tarehe …, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano, wanafunzi wapatao mia mbili watatembea kwa amani kutoka mlango wa kampasi ya Kasapa hadi ofisi yako, kwa kufuata njia ya Kasapa. Lengo ni kukabidhi barua kuhusu taa za njia. Waandaaji waliosaini hapa chini wanabeba jukumu la utulivu, na wako tayari kukutana na polisi ili kupanga njia.”

Sentensi ya mwisho msiiache. Ndiyo inayowatofautisha na watu waliojitokeza tu barabarani.

Hatua ya 5: Pelekeni barua na mrudi na akize, yaani nakala yenye muhuri wa kupokelewa

Nendeni watu wawili, asubuhi, angalau siku tano za kazi kabla ya tarehe mliyoitaja. Chukueni nakala tatu: moja ya ofisi, moja ya kugongwa muhuri, moja ya akiba. Mama sekretere ataichukua, ataitazama juu juu na kusema: “Acha tu hapa, mtoto wangu, shefu atasoma.” Jibuni kwa heshima: “Ndiyo mama, lakini tunaomba akize.” Kisha mbaki mmesimama. Akize kamili ina muhuri, tarehe, saini au alama ya aliyepokea na, pale ofisi inapotunza daftari, nambari ya kuingizwa. Ipigeni picha kabla hamjatoka nje ya jengo.

Ninalisisitiza hili kwa sababu mimi mwenyewe nililiacha. Nikiwa mwaka wa pili, niliacha barua mezani katika ofisi moja kwa sababu aliyeipokea alikuwa ananifahamu na niliona haya kumsumbua. Wiki mbili baadaye watatu kati yetu tulisimama mbele ya kamati ya nidhamu, tukaambiwa kwamba hakuna barua iliyowahi kufika. Yule aliyeipokea alitazama sakafu. Tulipoteza mtihani wa kwanza wa mwaka ule.

Wakikataa kabisa kugonga muhuri, rudini siku hiyo hiyo na mashahidi wawili, andikeni saa na maneno kwenye daftari, na mkiweza mtumieni hisye, mpeleka hati wa mahakama, aipeleke. Hisye ana gharama, lakini karatasi yake haibishiwi kirahisi.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Wekeni watu kumi wenye kitambaa cha rangi moja mkononi, wanaojua njia na saa ya kumaliza. Saa tano iliyoandikwa iwe saa tano kweli.

Msifukuze watu darasani. Kuwatoa wanafunzi wapya kwenye oditware kwa vijiti na vitisho ili “umati uonekane” ni desturi mbaya tuliyoirithi, na kifungu cha 26 kinasema wazi kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa kushiriki katika maandamano. Siku hiyo ninyi ndio mnaovunja uhuru wa mwingine. Hali kadhalika na kundi linalowapinga: kama wamebandika lao, msilibandue. Bandikeni lenu kando.

Kaliko zisiandaliwe na viongozi wote usiku mmoja katika nyumba moja. Februari 2016, mjini Goma, vijana sita wa LUCHA, harakati iliyozaliwa mji huo mwaka 2012, walikamatwa wakiwa wanaandaa mabango, kabla hawajafika barabarani, na wakahukumiwa kifungo. Gawaneni kazi.

Wala msikusanyike usiku kwenye kampasi, kwa sababu yoyote ile. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wiki chache baada ya Rais Mobutu kutangaza mfumo wa vyama vingi, kampasi ya Lubumbashi ilivamiwa na wanafunzi wakauawa. Idadi yao inabishaniwa hadi leo. Giza halina mashahidi.

Hatua ya 7: Mkiitwa na aparitora au kamati ya nidhamu

Ombeni wito wa maandishi unaotaja kosa na kanuni iliyovunjwa. Jibuni kwa maandishi pia, mkiambatanisha nakala ya akize, kamwe si akize yenyewe. Mkisomewa ripoti ya kikao na kuambiwa msaini, isomeni mpaka neno la mwisho, na kama kuna lisilo la kweli, andikeni kwa mkono juu ya saini: “Nimesoma, sikubaliani na aya ya tatu.” Watu wengi hukubali makosa yote kwa sababu kalamu ilikuwa tayari imewekwa mbele yao.

Adhabu ikitolewa, ombeni uamuzi wenyewe kwenye karatasi, kisha mwoneni wakili wiki hiyo hiyo, kwa sababu muda wa kukata rufaa kwa waziri wa elimu ya juu au mbele ya mahakama ya utawala unahesabiwa, na hauwangoji.

Hatua ya 8: Mtu akikamatwa

Kifungu cha 18 kinataka aelezwe mara moja sababu, katika lugha anayoielewa, na aruhusiwe kuwasiliana na familia na wakili wake. Kushikiliwa na polisi hakupaswi kupita saa 48. Baada ya hapo aachiliwe au afikishwe mbele ya mamlaka ya sheria. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya walio nje ni kuandika saa aliyokamatwa. Kazi ya pili ni kujua yuko kasho (mahabusu) gani. Ya tatu ni kumpigia wakili, na ya nne ni kuiarifu ofisi ya CNDH, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Msiende umati mzima mlangoni kwa polisi. Waende watatu, pamoja na mzazi mmoja.

Mambo yakikwama

*Meya amejibu “hapana”.* Ombeni sababu kwa maandishi, na siku hiyo hiyo pendekezeni tarehe au njia nyingine. Najua kwamba wengine watasema Katiba inatosha na tuandamane tu. Mimi sijawahi kumshauri mtoto wa mtu kukabili mabomu ya machozi akiwa na kifungu mkononi. Kuna mkutano wa ndani unaolindwa na kifungu cha 25, na kuna petisyo: kifungu cha 27 kinaipa mamlaka ya umma miezi mitatu ya kujibu, na kinakataza mtu kushtakiwa kwa kuianzisha.

*Rekta ametangaza kwamba kundi limefutwa.* Someni karatasi vizuri. Mara nyingi anachokifuta ni kutambuliwa na chuo, yaani chumba na valvu, kwa sababu urafiki na mawazo yenu si mali yake ya kufuta. Endeleeni kuandika kwa majina yenu, bila jina la kundi, wakati rufaa inaendelea.

*Wanasema mmetumwa na chama cha siasa.* Toeni hesabu ya michango mliyokusanya, hata kama ni ya fotokopi tu. Na kama kweli kuna mheshimiwa aliyewapa fulana, basi wamesema kweli, zirudisheni.

*Mtu ametukana kwa jina la kundi kwenye WhatsApp.* Msimamizi aufute ujumbe, apige picha ya skrini kabla ya kuufuta, na aandike hapo hapo kwamba si msimamo wa kundi. Kukaa kimya hadi asubuhi kutasomwa kama kukubali.

*Msomaji yuko Goma au Bukavu.* Usiutumie mwongozo huu kama ulivyo. Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, kisha Goma ikaingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari mwaka huo. Hatua ya 2 na daftari ndivyo vinavyobaki vilevile. Mengine yote muulize mtu aliye hapo.

*Mmejibiwa na mmeitwa kwenye mkutano.* Hili huwashangaza wengi, na hufika bila kujiandaa. Nendeni watatu, mmoja akiwa na daftari na kazi yake ikiwa kuandika tu. Kabla ya kuagana, someni kwa sauti mlichokielewa: “Mmeahidi kwamba taa zitawekwa kabla ya tarehe 15.” Wakisahihisha, sahihisheni. Jioni hiyo hiyo pelekeni barua fupi ya shukrani inayorudia ahadi hiyo, na mrudi na akize yake.